Hewa chafu na mbegu za kiume: mwongozo kamili kwa mwanamume anayetafuta mtoto

Mbegu za kiume anazotoa mwanamume leo zilianza kutengenezwa yapata miezi mitatu iliyopita. Korodani huchukua siku kama 74 kuikuza mbegu moja tangu ikiwa chembe ya mviringo mpaka iote mkia. Baada ya hapo mbegu hukaa wiki moja au mbili kwenye epididimisi, mrija mwembamba uliojikunja nyuma ya korodani, na huko ndiko inakopata uwezo wa kuogelea. Hewa uliyovuta muda wote huo ndiyo iliyokuwamo mwilini wakati mbegu zinaumbwa.

Ndiyo maana mtu anayebadilisha mazingira yake wiki hii na kukimbilia maabara wiki ijayo huvunjika moyo bure. Na ndiyo maana pia hali ya mbegu inaweza kubadilika: mwili wa mwanamume huanzisha mbegu mpya kila siku, tofauti na mwanamke ambaye huzaliwa na akiba yake yote ya mayai. Hatua zote zilizo hapa chini zimepangwa kwa kipimo hicho cha miezi mitatu. Zinamhusu anayetafuta mtoto sasa au anayepanga kuanza mwakani. Zinamhusu mke wake pia, maana mara nyingi mke ndiye anayeanza kuulizia mambo haya, akiwa tayari amepimwa kila kitu huku mume hajapimwa chochote.

Uchafu wa hewa unafikaje huko chini

Vumbi kubwa hunaswa puani na kooni. Tatizo ni chembechembe ndogo ziitwazo PM2.5, zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, wakati unywele mmoja una mikromita 70 hivi. Hizi hushuka hadi kwenye vifuko vya mapafu, na zile ndogo kuliko zote hupenya kuingia kwenye damu. Haziingii zenyewe tu. Hubeba metali zenye sumu kama risasi na kadimiamu, na kemikali za masizi zinazotokana na kitu chochote kisichoungua vizuri: kuni, mkaa, dizeli, tumbaku, plastiki.

Zikishaingia, madhara hupita njia tatu. Ya kwanza ni kuzalishwa kwa molekuli korofi za oksijeni zinazoshambulia seli. Mbegu ni windo rahisi, kwa sababu utando wake umejaa mafuta yanayoharibika upesi, na wakati wa kukomaa hutupa karibu ute wote wa ndani, pamoja na vimeng'enya ambavyo vingeilinda. Utando ukiharibika, mkia hupoteza nguvu. Njia ya pili ni kukatika kwa vinasaba vilivyomo kichwani mwa mbegu. Mbegu iliyokomaa haiwezi kujitengeneza. Yai la mwanamke linaweza kurekebisha sehemu ya uharibifu huo, lakini si wote, na vinasaba vilivyokatikakatika huhusishwa na mimba kuharibika. Ya tatu ni homoni: baadhi ya kemikali hizi huvuruga mawasiliano kati ya ubongo na korodani, au huigiza homoni mwilini.

Ushahidi upo, ingawa si wa uzito mmoja. Huko Teplice, eneo la Jamhuri ya Cheki lililokuwa likichoma makaa mengi ya mawe, vijana waliopimwa baada ya majira ya baridi yenye moshi mzito walikuwa na mbegu nyingi zenye maumbile yasiyo ya kawaida na vinasaba vilivyokatika. Nchini Italia, utafiti uliochapishwa mwaka 2003 uliwachunguza watoza ushuru kwenye vibanda vya barabara kuu, watu wanaoshinda katikati ya moshi wa magari. Mbegu zao ziliogelea vibaya kuliko za wanaume wengine wa eneo lilelile. Na mwaka 2024 watafiti wa Denmark walichapisha matokeo ya wanaume 526,056 wenye umri wa miaka 30 hadi 45: kwa kila ongezeko la mikrogramu 2.9 za PM2.5 kwa mita ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa miaka mitano, hatari ya kuandikiwa ugumba ilikuwa kubwa kwa asilimia 24.

Hizi ni tafiti za kufuatilia watu, hazithibitishi kwamba hewa peke yake ndiyo chanzo kwa mtu fulani. Kuhusu idadi ya mbegu matokeo hugongana kati ya utafiti na utafiti. Kuhusu mwendo, umbo na vinasaba yanakubaliana zaidi. Kwa hiyo usiifanye hewa kuwa kisingizio cha kutopimwa mambo mengine. Nitalirudia hili kwenye hatua ya sita, maana ndipo wanaume wengi wanapokwama.

Hatua ya kwanza: andika hewa ya siku yako

Chukua karatasi, gawanya saa 24: unapolala, panapopikwa, unaposafiri, unapofanya kazi, unapopumzika. Mbele ya kila sehemu andika kinachoungua karibu na pua yako, au unga, rangi na dawa inayoruka hewani. Andika na saa unazokaa hapo.

Ukimuuliza mtu hewa chafu iko wapi atakuonyesha dirishani: viwanda, malori. Ukishaandika saa, mara nyingi utakuta uchafu mwingi zaidi unauvutia ndani ya kuta nne, chumbani au karakana. Hiyo ni habari njema, kwa sababu hewa ya mji huna mamlaka nayo, ila ya chumbani unayo. Anza na sehemu yenye saa nyingi na moshi mwingi, hata kama si ile inayokukera zaidi.

Hatua ya pili: zima kinachoungua nyumbani

Sigara ndiyo ya kwanza, na sitaizungukazunguka. Mvutaji anayenunua barakoa ya gharama ili ajikinge na moshi wa barabarani anafanya mzaha. Tumbaku hupunguza idadi ya mbegu na mwendo wake, na huleta kadimiamu moja kwa moja hadi kwenye damu. Shisha ni moshi vilevile. Maji hayauchuji kama inavyodhaniwa. Bangi nayo imo. Mwenzako akivuta chumba kimoja na wewe, unavuta pia, na kufungua dirisha hakutoshi. Kama umeshindwa kuacha kwa nia peke yake, omba msaada wa daktari: vibandiko na vidonge vya kuacha sigara vipo na vinafanya kazi kuliko kiapo.

Pili ni jiko. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watu bilioni 2.1 bado wanapika kwa moto wa wazi au majiko yenye moshi. Kuhamia gesi au umeme ndilo badiliko kubwa kuliko yote hapa, kwa mume na zaidi kwa mke anayekaa karibu na jiko. Ikiwa hilo haliwezekani sasa, pikia nje au penye bomba la kutolea moshi, tumia kuni zilizokauka kabisa, na usilale chumba chenye jiko la mkaa hata kama linaonekana limepoa. Mkaa usiotoa moshi bado hutoa gesi ya monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, na hiyo huua kabla ya suala la mbegu kufikiwa.

Dawa ya mbu ya kuwasha husahaulika. Watafiti walipopima mwaka 2003 walikuta koili moja ikiungua hadi mwisho hutoa PM2.5 sawa na ya sigara 75 hadi 137. Mtu anaiwasha chumbani, anafunga madirisha, analala saa nane. Chandarua hufanya kazi hiyohiyo bila moshi. Ubani na udi nao ni moshi, japo unanukia. Ukipenda kufukiza, fanya kwa muda mfupi na madirisha yakiwa wazi, si kila usiku katika chumba cha kulala.

Jenereta isogezwe mbali na madirisha. Na taka za plastiki zisichomwe uani kabisa. Plastiki zenye klorini zikiungua hutoa dioksini, kemikali yenye sumu kali, na kuhusu dioksini tuna somo chungu kutoka Seveso, Italia, ambako ajali ya kiwanda ya Julai 1976 iliimwaga hewani. Wavulana waliokuwa wadogo siku hiyo walipopimwa wakiwa watu wazima, mbegu zao zilikuwa chache na dhaifu kuliko za wenzao ambao hawakuguswa. Kwa hiyo moshi wa uani unamhusu pia mtoto wa kiume ambaye tayari unaye.

Hatua ya tatu: njiani

Hapa sina mengi. Moshi wa magari hupungua sana ukiondoka mita 150 hadi 300 kutoka barabara kubwa, hivyo njia ya uchochoro inayokuongezea dakika chache ina faida kuliko kutembea kando ya foleni. Ndani ya gari, kwenye msongamano funga madirisha na weka kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani. Safari ikiwa ndefu, fungua mara mojamoja usije ukasinzia. Anayeendesha pikipiki siku nzima amekaa usawa wa bomba za moshi, na huyo barakoa ya hatua ya tano inamfaa kila siku.

Hatua ya nne: kazini

Ningekuwa na dakika tano tu za kuzungumza na mwanamume anayetafuta mtoto, ningezitumia zote kumuuliza kazi yake. Kazini kiwango cha sumu kinaweza kuwa kikubwa mara nyingi kuliko mtaani, na ushahidi wake ni mzito kuliko wa moshi wa mji.

Mfano ulio wazi kuliko yote ulitokea Lathrop, California, mwaka 1977. Wafanyakazi wa kiwanda kilichotengeneza DBCP, dawa ya kuua minyoo ya udongoni, waliona kuwa wengi wao hawapati watoto. Walipopimwa, baadhi hawakuwa na mbegu hata moja. Hawakuwa wagonjwa, hawakuhisi chochote. Baada ya kuondolewa kwenye dawa hiyo wengine walirudiwa na mbegu, wengine hawakurudiwa kamwe. Kinachofaa kuigwa pale ni maongezi: wanaume waliulizana. Ukiwa na wenzako kadhaa wa idara moja wanaohangaika kupata mtoto, msilifanye siri ya kila mtu na nyumba yake.

Kazi za kuangaliwa kwa karibu ni hizi. Kutengeneza au kuvunja betri za magari, kuyeyusha vyuma chakavu na kukwangua rangi za zamani: hapo kuna risasi, ambayo hupunguza mbegu na hukaa mifupani kwa miaka. Risasi iliondolewa kwenye petroli ya magari duniani kote mwaka 2021, Algeria ikiwa nchi ya mwisho, lakini kwenye betri na rangi bado imo. Kuna kipimo cha damu cha risasi. Kiombe kwa jina. Kuchomelea: moshi wake hubeba manganizi, na kwa chuma kisichoshika kutu hubeba kromiamu hatari, tena pamoja na joto. Kupaka na kupuliza rangi: baadhi ya viyeyusho, hasa vya jamii ya etha za glaikoli, vimeonyeshwa kupunguza mbegu. Kupuliza dawa za mashambani. Kufanya kazi karibu na dizeli, kama vile karakana, maegesho ya chini ya ardhi na migodi.

Joto linastahili neno lake. Korodani zinaning'inia nje kwa sababu zinahitaji ubaridi wa nyuzi mbili hadi nne chini ya joto la mwili. Anayekaa mbele ya tanuri au ya moto wa kuokea saa nane anapata moshi na joto kwa pamoja, na maabara haiwezi kumwambia kipi kimefanya nini.

Sasa cha kufanya. Uliza majina ya kemikali unazotumia, usiridhike na jina la biashara. Kila kemikali ya viwandani inapaswa kuwa na karatasi ya usalama, na ndani yake kuna sehemu inayoeleza madhara kwa uzazi. Isome hiyo kwanza. Fanya kazi nje au penye feni inayovuta moshi kutoka usoni pako, si inayoupuliza usoni. Kwa mvuke wa rangi na dawa, barakoa ya vumbi haisaidii kitu: unahitaji ile ya mpira yenye vichujio vya kaboni, vinavyobadilishwa kwa muda wake. Usile wala kuvuta sigara ukiwa na mikono ya kazi, kwa kuwa risasi huingia kwa mdomo kirahisi. Vua nguo za kazi huko huko, oga, na zifuliwe peke yake. Vumbi la risasi linalofika nyumbani huwapata watoto na mjamzito, na kwao madhara ni makubwa zaidi. Ukiweza kuomba uhamishwe kitengo kwa miezi mitatu au minne ya kutafuta mtoto, omba. Si ombi la ajabu.

Hatua ya tano: siku hewa ikichafuka

Programu za simu huonyesha ubora wa hewa kwa rangi, lakini mizani hutofautiana kati ya nchi na nchi. Tafuta namba yenyewe ya PM2.5. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataka wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo, na wa saa 24 usizidi 15. Watu karibu wote duniani, asilimia 99, wanavuta hewa inayovuka mwongozo huo, kwa hiyo usiogope kila ukiona 20. Tumia namba hiyo kulinganisha siku na siku, na saa na saa. Asubuhi yenye ubaridi na utulivu mara nyingi ndiyo mbaya, kwa sababu hewa baridi hukaa chini na kuufungia moshi.

Mazoezi usiyaache, yahamishe. Ukikimbia unavuta hewa mara nyingi zaidi ya ukiwa umeketi, basi kimbia mbali na barabara, au ndani, au saa ambayo namba imeshuka.

Barakoa inayochuja chembechembe ni N95 au FFP2, ikikaa usoni bila mwanya. Ya kitambaa hupitisha nyingi, ya hospitali huvuja pembeni, na ndevu nene huharibu mbano wa hata ile bora. Hakuna kati ya hizo inayozuia gesi.

Mashine ya kusafisha hewa chumbani ni ya hiari. Ukinunua, iwe na kichujio cha HEPA, yaani kinachonasa chembe ndogo sana, kinacholingana na ukubwa wa chumba, ifanye kazi madirisha yakiwa yamefungwa, na uepuke inayojisifu kutoa ozoni. Ozoni nayo ni uchafu. Isiwe badala ya kuzima koili.

Hatua ya sita: pima mbegu, mapema

Katika ndoa zinazochelewa kupata mtoto, upande wa mwanamume unachangia kwa takriban nusu, peke yake au pamoja na wa mwanamke. Bado mke huzungushwa kliniki mwaka mzima, huvumilia maneno ya mawifi na wakwe, kabla mume hajatoa kikombe kimoja cha maabara. Kipimo cha shahawa ni rahisi, hakina sindano, na nguvu za tendo la ndoa hazikibadili: mwanamume mwenye nguvu kabisa anaweza kuwa hana mbegu.

Kaa bila kutoa shahawa siku 2 hadi 7. Toa sampuli yote kwenye kikombe cha maabara, bila kondomu ya kawaida wala vilainishi, na ukieleze kituo kama sehemu imemwagika, hasa ile ya mwanzo yenye mbegu nyingi. Ukitolea nyumbani, ifike maabara ndani ya saa moja, ikiwa karibu na mwili isipoe. Kama uliugua homa kali ndani ya miezi mitatu iliyopita, sema. Homa hushusha mbegu kwa muda.

Vikomo vya chini vya mwongozo wa mwaka 2021 wa Shirika la Afya Duniani ni ujazo wa mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa mililita, milioni 39 kwa jumla, asilimia 42 zinazotikisika, asilimia 30 zinazokwenda mbele, na asilimia 4 zenye umbo la kawaida. Hiyo 4 huwatisha wengi bila sababu: kwa binadamu mbegu nyingi huwa na kasoro ya umbo. Vikomo hivi vilitokana na wanaume waliopata watoto ndani ya mwaka mmoja. Kwa kila kikomo, asilimia 5 ya wanaume hao walikuwa chini yake, na walipata watoto vilevile. Kipimo kimoja kibaya hakitoshi. Rudia.

Kipimo cha kukatika kwa vinasaba si cha kila mtu. Kiulizie ikiwa mimba zimeharibika mara kwa mara.

Nenda kwa daktari bila kusubiri miezi mitatu kama mbegu hazikuonekana kabisa, korodani moja ni ndogo au ina uvimbe, uliwahi kuugua matubwitubwi yaliyovimbisha korodani, korodani ilichelewa kushuka utotoni, au mmetafuta mtoto mwaka mzima (miezi sita ikiwa mke ana zaidi ya miaka 35). Mishipa ya korodani iliyovimba ipo kwa wanaume kama 15 kati ya 100 na kwa zaidi ya theluthi ya wenye ugumba, nayo hutibika. Hewa safi haitaiondoa.

Kuhusu vidonge

Utauziwa vingi. Mwaka 2020 majaribio mawili ya Marekani, moja la zinki na foliki asidi, jingine la mchanganyiko wa antioksidanti (viambato vya kuzima zile molekuli korofi za oksijeni), hayakuongeza watoto waliozaliwa kulinganisha na vidonge vitupu visivyo na dawa. Hatari zaidi ni testosteroni, ya sindano, ya jeli au ile inayofichwa kwenye dawa za kujenga misuli. Ubongo ukiona homoni hiyo imejaa kwenye damu huacha kuziamuru korodani zifanye kazi, na mbegu zinaweza kwisha kabisa. Mwenye kutafuta mtoto asiiguse.

Hatua ya saba: baada ya siku 90

Hesabu kuanzia siku ulipobadilisha kweli, si siku uliponuia. Rudia kipimo katika maabara ileile, kwa siku zilezile za kujizuia, kisha linganisha mwendo na umbo kabla ya idadi. Karatasi zote mbili, orodha ya hewa ya siku yako na majina ya kemikali za kazini mpelekee daktari wa mfumo wa mkojo na uzazi wa kiume. Endeleeni kukutana kila siku mbili au tatu wakati mnasubiri. Mimba haihitaji majibu ya maabara yawe mazuri ndipo iingie.